Aliyevuka Mpaka Ndani ya Buti la Gari

Sogeeni, wajukuu zangu. Wewe wa nyuma usiizime hiyo simu, tutaihitaji baadaye kusikilizia. Punguza sauti tu.

Mnalijua jengo la Ukumbi wa Taifa wa Maigizo, lile la barabara ya De Winton hapa Kampala, ambalo mbele lina ukuta wa matundu. Lilifunguliwa mwaka 1959, Waingereza wakiwa bado hapa. Ukitoka pale ukatembea polepole kuelekea Nakasero, hata jasho halijakutoka umefika hoteli ya Serena. Zamani hoteli hiyo iliitwa Nile. Hadithi ya leo imo kati ya majengo hayo mawili. La kwanza ni la watu wa jukwaani, na mama na mwana wa hadithi hii walikuwa watu wa jukwaani. La pili ndilo lililommeza baba.

Mwana mwenyewe anaitwa Geoffrey Oryema. Nikiuliza nani kati yenu amewahi kumsikia, najua mikono itakavyokuwa: miwili, na mmoja wa hiyo ni wa yule anayefukuza nzi. Siwalaumu. Lakini wako wazee wa Paris ambao ukiwapigia wimbo wake mmoja wataufuatisha kwa mdomo mpaka mwisho, na Kiacholi hawajui hata cha salamu.

Alizaliwa Soroti tarehe 16 Aprili 1953. Kwao hasa si Soroti, ni Anaka, katika nchi ya Waacholi, wilaya tunayoiita leo Nwoya, jirani na mbuga ya maporomoko ya Murchison. Baba yake, Erinayo Wilson Oryema, alikuwa polisi, na si polisi wa kusimama barabarani. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru, akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali wa Polisi wa Uganda. Mama yake aliongoza Heartbeat of Africa, kundi la taifa la ngoma, lile lililokusanya wachezaji wa makabila mbalimbali na kuwapandisha kwenye jukwaa moja, bwola ya Waacholi ikifuatana na baakisimba ya Waganda. Kwa hiyo mtoto alikulia nyumba ambayo mchana baba anapigiwa saluti, na jioni baba huyohuyo anakaa chini na kupiga nanga.

Nanga ninayoisema si ya meli. Ni kinanda cha kamba saba cha Waacholi: ubao mrefu uliochongwa katikati ukaachwa na shimo kama hori la kunyweshea ng'ombe, na juu yake kamba zimekazwa kutoka ncha hadi ncha. Hupigwa kwa vidole, na mara nyingi mpigaji ndiye mwimbaji. Mpigaji wa nanga hana haraka. Anachagua noti chache, anazizungusha, anazizungusha tena, mpaka sikio lako linaacha kuzifuata. Hapo ndipo anapoingiza maneno. Na maneno hayo hayafungwi na kamba: mara yanatangulia, mara yanachelewa, mara yananyamaza kabisa, na kamba zinaendelea na safari yake kana kwamba hazijali. Nalisema hili kwa kirefu makusudi. Mkilishika, mmeshaujua muziki wote wa Oryema, hata ule uliojaa gitaa za umeme.

Baba alimfundisha nanga. Kijana akaongeza lukeme, ile ya vyuma vyembamba juu ya kibao inayobonyezwa kwa dole gumba. Kule Soroti alikozaliwa, Waiteso wanaiita akogo. Akaongeza filimbi. Kisha, kama vijana wote wa miaka ya sitini, akaongeza gitaa.

Mapema katika miaka ya sabini alikuwa anasomea maigizo hapa Kampala, anaandika, anaigiza, na jina lake linatajwa pamoja na kundi la Theatre Limited. Msidhani maigizo ya wakati ule yalikuwa ya kuchekesha tu. Mwaka 1972 Robert Serumaga alionyesha Renga Moi, mchezo uliotokana na hekaya ya Waacholi, ambao wachezaji walitegemea miili, ngoma na milio kuliko mazungumzo. Wengine walisema ni ufundi mpya. Ni kweli, ulikuwa ufundi. Lakini fikirini pia ni nani alikuwa anatawala. Neno likisemwa jukwaani, mtu wa usalama aliyekaa safu ya nyuma anaweza kuliandika kwenye daftari. Kilio, je, ataandika nini?

Idi Amin alichukua nchi kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971. Sasa hapa kuna jambo ambalo wasimuliaji wengine huliruka, na mimi sitaliruka. Baba yake Geoffrey hakukimbia. Alitoka upolisi akawa waziri katika serikali ya Amin, akakaa humo miaka sita. Alikaa kwa woga, kwa wajibu, kwa kudhani atapunguza madhara? Nyinyi mtakapokuwa wakubwa mtagundua kwamba mtu mmoja anaweza kuwa na sababu zote tatu siku moja. Tunachojua ni kwamba hakukusaidia kukaa kwake.

Tarehe 16 Februari mnaijua, kwa sababu hamwendi shule. Ni siku ya Janani Luwum. Siku hiyo mwaka 1977 maaskofu, mabalozi, mawaziri na umati wa askari waliitwa kwenye hoteli ya Nile. Silaha zilianikwa nje, ikasemwa ni za kuiangusha serikali. Waliokamatwa ni watatu: Luwum, Askofu Mkuu wa Kanisa la Uganda, Charles Oboth Ofumbi, Waziri wa Mambo ya Ndani, na Erinayo Oryema. Siku iliyofuata redio ikatangaza kwamba wote watatu wamekufa katika ajali ya gari. Gari moja, ajali moja, watu watatu wale wale waliokamatwa jana yake. Kampala nzima ilisikia, na Kampala nzima ilijua kwamba wamepigwa risasi.

Mtoto wa mtu aliyeuawa hivyo hakai akasubiri matanga. Na msanii alikuwa na sababu nyingine ya kuondoka: mwaka huohuo Byron Kawadwa, mkurugenzi wa Ukumbi wa Taifa, alirudi kutoka tamasha kubwa la sanaa la Lagos alikopeleka mchezo wake, akachukuliwa na watu wa serikali, akauawa. Geoffrey alikuwa na miaka kama ishirini na minne. Alifichwa ndani ya buti la gari, likaendeshwa hadi mpakani, likaingia Kenya. Jaribuni kulifikiria hilo, nyinyi ambao mkikaa kiti cha nyuma cha matatu mnalalamika joto. Kila gari likisimama, aliyemo hajui kama ni taa, ni shimo, au ni kizuizi cha askari.

Kutoka Kenya akaenda Ufaransa. Akakaa huko.

Mnaona jinsi nilivyopita haraka? Maisha hayakupita haraka. Kati ya lile buti na santuri yake ya kwanza kuna miaka kumi na mitatu. Vijana wa siku hizi mkirekodi wimbo Jumatatu, Ijumaa mnauliza mbona hauchezwi. Oryema aliondoka kijana, na ulimwengu ulipomsikia alikuwa anakaribia miaka arobaini.

Aliyemfungulia mlango alikuwa Mwingereza Peter Gabriel, mwimbaji wa roki aliyekuwa na umaarufu wa kumtosha na bado akataka kusikia wengine. Alikuwa ameanzisha tamasha la WOMAD, la muziki wa dunia nzima, na mwaka 1989 akaanzisha kampuni ya santuri iitwayo Real World, yenye studio katika kijiji cha Box huko Uingereza. Huko ndiko Oryema alikotengenezea santuri ya Exile, iliyotoka 1990. Prodyuza wake alikuwa Brian Eno. Waulizeni wajomba zenu wanaopenda bendi ya U2. Huyo Eno ni mmoja wa waliotengeneza santuri yao, The Joshua Tree. Mtu wa namna hiyo angeweza kumzika Mwacholi wetu chini ya mashine. Hakufanya hivyo. Alizitandaza sinthesaiza zake nyuma kabisa, mbali, kama pazia, akaiacha nanga, lukeme na ile sauti nzito viwe mbele.

Sauti! Nimechelewa kuwaambia. Ilikuwa ya chini, nzito, isiyosukumana na mtu. Halafu ghafla inapanda juu, nyembamba, inakaribia kilio. Aliimba Kiacholi, Kiswahili na Kiingereza. Ndani ya Exile kuna wimbo uitwao Land of Anaka, na jina lake linatosha: mtu yuko Ulaya, anaitaja nchi ya baba yake. Magazeti ya huko yakamwita Leonard Cohen wa Afrika, kwa jina la mshairi na mwimbaji wa Kanada aliyeimba kwa sauti ya chini vilevile. Mimi majina ya namna hiyo siyapendi. Hakuna aliyewahi kumwita Cohen "Oryema wa Kanada". Ila mwenyewe hakuudhika, nadhani, kwa sababu mwaka 1991 waimbaji mbalimbali walipotengeneza santuri ya kumheshimu Cohen, iitwayo I'm Your Fan, Oryema alishiriki, akaimba Suzanne.

Sasa tulieni niwaeleze muziki wenyewe. Katikati ya miaka ya 1960, vijana wa Marekani na Uingereza walizichukua nyimbo za kale za kijijini, za gitaa la mbao, wakazitia gitaa la umeme na ngoma za roki. Wazee wao walikasirika sana. Oryema alifanya kazi hiyohiyo, ila kijiji chake kilikuwa Anaka. Hebu weka Ye Ye Ye kwenye hiyo simu. Sikilizeni mzunguko ule wa noti chache, unavyorudi na kurudi bila kuchoka. Nani alimfundisha? Ndiyo, baba, jioni, baada ya kuvua sare. Gitaa linapoingia halileti desturi mpya; linaingia ndani ya mzunguko wa nanga na kuufuata. Kwa hiyo anayesema Oryema alitia muziki wa Kiafrika ndani ya roki ameligeuza jambo juu chini.

Na wimbo huo mliousikia sasa hivi ndio wa wale wazee wa Paris. Televisheni ya Ufaransa, France 2, ilikuwa na kipindi cha mazungumzo ya vitabu na sanaa kilichorushwa usiku wa manane, Le Cercle de minuit, kuanzia 1992 hadi 1999. Waliuchagua Ye Ye Ye uwe wimbo wa kipindi. Basi kwa miaka saba Wafaransa waliokosa usingizi walikuwa wanasikia Kiacholi kabla ya kuwasikia wanafalsafa wao. Wengi hawakulijua jina la mwimbaji. Waliijua sauti.

Mwaka 1993 ikatoka Beat the Border, yenye ngoma na umeme zaidi. Jina lake linasema kuushinda mpaka, na sisi tunaujua mpaka gani. Zikafuata Night to Night mwaka 1996, Spirit mwaka 2000, Words mwaka 2004 na From the Heart mwaka 2010. Sitazipitia moja moja, mtazisikiliza wenyewe. Nitawasimulia jukwaa moja tu. Julai 2005 ulimwengu ulifanya matamasha makubwa ya Live 8 ya kupigania Afrika iondolewe umaskini. Watu wakatazama orodha ya tamasha la London, wakaona Waafrika karibu hawamo. Tamasha la kuisaidia Afrika! Kelele zikapigwa, likaongezwa tamasha la pili, mbali kabisa, katika bustani ya Eden Project huko Cornwall. Huko ndiko walikopelekwa Youssou N'Dour, Thomas Mapfumo, Geoffrey Oryema, na Mkenya Ayub Ogada mpiga nyatiti. Ogada alikuwa Mjaluo, naye pia alirekodi na Real World. Lugha yake na Kiacholi ni ndugu, mtu wa Kisumu na mtu wa Gulu wakiongea polepole wanaokota maneno ya mwenzake. Mimi nadhani lile tamasha la pembeni lilikuwa na muziki bora kuliko la London. Lakini hilo haliondoi kwamba liliwekwa pembeni.

Kuna mtu ataniuliza: kama alikuwa mkubwa hivyo, mbona hapa Kampala hatumjui? Swali zuri. Na jibu lake silipati kwake peke yake. Ninalipata kwa kumlinganisha na Philly Lutaaya.

Lutaaya nyote mnamjua, msinidanganye. Kila Desemba, kuanzia Owino hadi Ntinda, nyimbo zake za Krismasi zinapigwa mpaka betri za redio zinakufa. Naye alikuwa mkimbizi. Aliishi Sweden, akarekodi Born in Africa huko Stockholm. Lakini aliimba Kiluganda kilichofika moja kwa moja sokoni, akaimba nyimbo za kuchezeka, kaseti zake zikajaa madukani. Na alirudi. Mwaka 1989 alirudi nyumbani akiwa mgonjwa, akasimama mbele ya nchi nzima na kusema ana Ukimwi, wakati hakuna mtu maarufu wa Uganda aliyewahi kuthubutu. Alikufa Desemba mwaka huohuo. Nchi ilimlilia kwa sababu ilikuwa imemwona.

Oryema hakupata hata moja kati ya hayo. Nyimbo zake zilikuwa za polepole. Lugha yake ilikuwa ya kaskazini, na kaskazini na Kampala, ngoja niseme ukweli, hazikusikilizana vizuri miaka ile. Exile ilipotoka, vita vya mwasi Joseph Kony vilikuwa vinaichoma nchi ya Waacholi. Kuanzia 1996 watu wakasukumwa kwenye kambi, na mojawapo ya kambi hizo ilikuwa Anaka. Anaka ileile ya wimbo. Wafaransa walikuwa wanasikiliza jinsi ilivyokuwa nzuri, na wenyeji wake walikuwa wanapanga foleni ya mahindi ya msaada. Nani angenunua santuri?

Niwavushe bahari kidogo. Brazil nayo iliwahi kutawaliwa na wanajeshi. Desemba 1968 waliwakamata waimbaji wawili vijana, Caetano Veloso na Gilberto Gil, waliokuwa wanachanganya ngoma za kwao na gitaa za umeme, na mwaka uliofuata wakawafukuza. Wakaenda London. Wakasikiliza roki, wakaganda kwa baridi, wakatunga. Mwaka 1972 wakarudi nyumbani, umri bado wa ujana, na Brazil ikawapokea na kila walichojifunza. Gil baadaye akawa Waziri wa Utamaduni, kuanzia 2003 hadi 2008. Ukimbizi wao ulikuwa wa miaka mitatu hivi. Wa Oryema ulikaribia arobaini. Kipaji hakikuwatenganisha sana, kilichowatenganisha ni hesabu ya miaka. Amin alianguka 1979, lakini mtu hawezi kurudi kwa sababu tu mwuaji ameondoka. Baada ya Amin zilikuja serikali nyingine na vita vingine.

Oryema alirudi Desemba 2016. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Alipiga muziki hapa Kampala, mji aliouacha akiwa amekunjwa gizani nyuma ya gari. Siku zile baadhi ya vijana walikuwa wanaulizana huyu mzee wa gitaa ni nani, na wazee wachache walikuwa wanalia. Miezi kumi na minane baadaye, tarehe 22 Juni 2018, saratani ilimchukua huko Lorient, mji wa pwani ya Ufaransa. Alikuwa na miaka sitini na mitano.

Siku hizi vijana wa kaskazini wamepata njia nyingine. Otim Alpha wa Gulu aliichukua larakaraka, ngoma ya harusi na uchumba, akaitia kwenye kompyuta ikaenda mbio ajabu, na Wazungu wanairukia kwenye kumbi zao. Haifanani kabisa na Oryema. Yeye alipunguza mwendo, hawa wanauongeza. Lakini safari hii muziki unatoka hapa na wenyewe wapo, wanapanda ndege kwa pasipoti na kurudi kwa pasipoti.

Sasa kazi yenu. Anzeni na Exile, yote, bila kurukaruka. Halafu Beat the Border. Msianze na Suzanne, mtamdhani ni mwimbaji wa Kizungu. Na Jumamosi tutapanda matatu ya Kira Road twende Makumbusho ya Uganda pale Kitante. Mzungu mmoja aliyeitwa Klaus Wachsmann aliyasimamia miaka ya hamsini, akakusanya ala za nchi nzima na kurekodi wapigaji wake, na chumba cha ala bado kipo. Kuna mtu pale ambaye ukimwomba kwa adabu huzipiga. Mwombeni nanga. Na wewe uliyekuwa unafukuza nzi, utakaa mbele.